Kilio Alichokiandika Clive

Ndugu zangu, jioni ile maji ya ghuba ya Wallin yalitulia hata mikoko ikajiona ndani yake. Clive Tranter na mkewe Glenys walikuwa wamekaa katika kibanda cha kutazamia ndege, darubini dirishani, chai kwenye chupa. Ndoa yao ilikuwa na miaka thelathini, na kila Jumamosi walikuja kwenye hifadhi hii. Ungewaona, ungesema hawa wamepatana.

Lakini Clive alikuwa na ugonjwa, na usicheke: orodha. Daftari lake lilikuwa na ndege wote wa pwani ile isipokuwa mmoja, chekeamwezi, ambaye huku kwetu hacheki hata kidogo. Hulia kama mwanamke aliyefiwa. Kwa kumtafuta huyo, Clive alikosa harusi ya binti yake. Harusi, jamani! Na jioni hii ninayoisimulia alifanya jambo ambalo kibao cha mlangoni kinalikataza: alikuja na kipaza sauti kidogo chenye kilio cha chekeamwezi kilichorekodiwa, apate kumwita wa kweli.

"Glenys, hebu kakiweke kule kwenye mikoko."

"Maji yanajaa, Clive."

"Dakika tano tu. Nikitoka mimi, akatokea, je?"

"Ungenipenda hivyo mimi, ningekuwa malkia," alisema Glenys. Akavaa viatu vya mpira, akashuka topeni.

Kilio kikaanza. Kikapanda, kikakatika, kikapanda tena. Ndege wengine wote wakanyamaza. Ukungu ukaingia kutoka baharini na kuifuta mikoko, mkoko baada ya mkoko, mpaka Clive akawa anatazama weupe mtupu.

Baada ya dakika tatu kipaza sauti kilinyamaza, kama alivyokitega. Kisha kilio kikaja tena, chembamba, kirefu, kutoka mbali zaidi. Nywele zilimsimama. Amejibiwa! Akaandika kwa furaha: "Saa kumi na moja na dakika arobaini. Mmoja. Analia kwa nguvu."

Kilio kikarudi, na safari hii kilikuwa na kitu ndani yake, kama neno. Clive akaongeza: "Sauti inabadilika." Wala hakujiuliza mkewe yuko wapi. Nakuuliza wewe msomaji, mtu huyu masikio yake alikuwa ameyaweka wapi?

Mlango ukasukumwa. Alikuwa Merindah, mlinzi wa hifadhi, anahema.

"Nani anazama kule?"

"Shii! Utamfukuza. Ni chekeamwezi."

"Chekeamwezi gani anaita 'Clive', wewe mzee?"

Kalamu ilimwanguka. Sasa alisikia, na aliposikia alitamani awe kiziwi. Jina lake lilikuwa linatoka kwenye ukungu, limechoka, linaanza kufifia.

Merindah alisukuma mtumbwi wa hifadhi, Clive akafuata akitambaa juu ya mbao alizozitandaza topeni. Walimkuta Glenys amezama topeni hadi kiunoni, maji yamemfika shingoni, midomo ya buluu. Walimtoa akiwa hai. Tushukuru kwa hilo.

Wiki iliyofuata, nyumbani, Glenys alilifungua daftari. Sauti ilikuwa bado haijamrudia, alinong'ona tu.

"Huyu mmoja anayelia kwa nguvu, ni mimi?"

Clive alitaka kusema habari za ukungu. Glenys akamkatiza.

"Ulinisikia, Clive. Ukaniandika."

Jioni hiyohiyo Glenys alifunga sanduku, akaenda kuishi kwa binti yao. Hajarudi mpaka leo.

FUNZO

Wanaotunza hifadhi hawakatazi sauti za uongo kwa ukorofi. Ndege akidanganywa huacha mayai yake kwenda kumtafuta mwenzake asiyekuwepo. Basi tii kibao. Na wewe mwenye kitu unachokipenda kupita kiasi, kiwe ndege, mpira au simu, jichunge: kitakuziba masikio usiwasikie wa nyumbani mwako. Ukisikia kilio, inuka kwanza uende. Anayelia anaweza kuwa anakuita wewe.