Chupa Ndani ya Tangi la Choo

Katika nyumba ile kila mtu aliijua sheria ya kitambaa. Aliyetaka kuoga alipita kwanza jikoni, akafunga kitambaa chekundu kwenye bomba, ndipo akaenda bafuni. Kitambaa kikiwapo, bomba halifunguliwi, hata kama chungu kinaungua. Maji baridi ya nyumba nzima yalipita katika paipu moja nyembamba, na mtu akiyachota jikoni, yule wa bafuni alibaki na maji ya moto peke yake. Mvunja sheria alioga maji yasiyopashwa moto kwa siku saba. Adhabu hiyo aliiweka bibi mwenyewe, wala haikuwahi kupunguzwa kwa machozi ya mtu.

Msichana wa nyumba hiyo alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Walimwita Karani, kwa kuwa aliandika kila kitu katika daftari: zamu za kuosha vyombo, siku sabuni ilipokwisha, hata siku aliyong'oka jino. Mdogo wake wa miaka tisa aliitwa Bata, kwani hakuna maji yaliyompita bila yeye kuyachezea. Mama yao alifua mashuka hospitalini. Alirudi jioni akiwa hoi, vidole vimekunjamana kwa sabuni, na kabla ya kukaa kitako alimwogesha bibi, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umepooza.

Jumapili moja mchana mama alimpa Karani chupa ya plastiki iliyojaa maji.

"Itie ndani ya tangi la choo, pembeni kabisa, ili tukivuta yatumike maji machache. Isimamishe taratibu. Pale chini pana kifuniko cha mpira, usikiguse."

Karani alikuwa amekwisha kusugua sakafu yote. Mgongo ulimuuma, na rafiki yake alimngoja nje. Aliinua mfuniko wa tangi, akaiachia chupa itumbukie. Ililala upande, shingo yake ikiwa juu ya ule mpira. Alisikia maji yakichuruzika kidogo, akarudisha mfuniko.

"Umeiweka vizuri?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Ndiyo, mama."

Jioni ile ile bibi alipiga ukelele bafuni. Maji yalikuwa yamegeuka moto ghafla, na bega lake likawa jekundu mpaka shingoni. Mama alitoka mbio hadi jikoni, nguo zikichuruzika maji. Kitambaa kilikuwa pale pale kwenye bomba, na mbele yake alisimama Bata, kikombe mkononi.

"Si mimi, mama. Nilikuwa nakunywa tu."

"Na kikombe kilijijaza chenyewe?"

"Kilikuwa na maji tangu mchana. Muulize dada."

Karani alikuwa chumbani wakati huo, hakuona lolote, naye alisema hivyo. Mama hakuwa na nguvu ya kubishana. Aliegemea ukuta, akafumba macho.

"Siku saba," alisema. "Kuanzia kesho asubuhi."

Ilikuwa miezi ya baridi. Jumatatu, kabla ya kwenda shule, Bata alitoka bafuni meno yakigongana. "Hata bata wa kweli angegoma," alisema, lakini hakucheka.

Jioni ile, Karani alipokuwa akioga, maji yaligeuka tena, yakawa moto, kisha baridi, kisha moto. Safari hii Bata alikuwa ameketi miguuni pa bibi, akisoma kwa sauti.

"Mnaona?" alisema. "Leo nani kafungua?"

"Ya leo sijui," mama alijibu. "Ya jana ulikuwa umesimama kwenye bomba. Nimechoka, mwanangu. Tusianze."

Bibi hakutaka tena kuingia bafuni. "Nipanguseni kwa kitambaa hapa hapa kitini," alisema. "Bega moja linatosha." Hivyo kazi ya mama ikaongezeka, maana maji ya bibi yalibebwa sasa kwa beseni mpaka chumbani.

Jumanne mama aliingia kuoga yeye mwenyewe, akamweka Karani kwenye ujia na daftari lake. "Kila yakigeuka nitagonga ukuta. Andika saa, na kila mtu yuko wapi."

Mama aligonga saa kumi na mbili na dakika nne. Akagonga dakika ya kumi. Bibi alikuwa kitini, Bata kitandani, bomba la jikoni limefungwa kitambaa. Dakika ya kumi na sita, muda mfupi kabla mama hajagonga, Karani alisikia mvumo nyuma ya mlango wa choo. Tangi lilikuwa likijaa, na hakuna mtu aliyelivuta.

Aliingia kwa kunyata, akainua mfuniko. Chupa ilikuwa imelala vile vile. Maji yalivuja chini ya mpira, na kila yaliposhuka kiasi, tangi lilijijaza tena kwa maji baridi, yale yale ambayo mama aliyahitaji upande wa pili wa ukuta.

Alinyoosha mkono aitoe, kisha akasita. Akiitoa kimya kimya, maji yangetulia wakati Bata yuko katika adhabu, na wote wangesema kwamba adhabu imemfunza. Angekuwa amelitengeneza tangi na kumharibia mdogo wake jina. Na akisema, je? Alilikumbuka bega la bibi. Akarudisha mfuniko. Katika daftari aliandika saa, pasipo maneno.

Jumatano alikaa na jambo hilo kifuani kutwa nzima. Jumatano na Alhamisi alimsikia Bata akihema chini ya maji baridi. Asubuhi ya Alhamisi Bata alikohoa mara mbili tu, lakini Karani alizihesabu.

Jioni akaja fundi bomba, mzee mfupi mwenye kofia iliyochakaa. Mama alimsimulia habari yote, hata ya Bata na ya daftari. Fundi alifunga mabomba yote, akaenda kuitazama mita. Kimshale kilikuwa kikizunguka.

"Mama, mko wangapi humu?"

"Wanne, fundi."

"Basi yupo wa tano, naye ana kiu." Akanyoosha mkono. "Hebu nilione hilo daftari." Alisoma polepole. "Dakika sita. Tena dakika sita. Mtoto wa miaka tisa hana utaratibu wa namna hii."

"Hata mwalimu wangu analalamika," alisema Bata.

"Na mstari huu mbona una saa tu, hauna maneno?"

Wote walimtazama Karani. Akaenda chooni mwenyewe, akainua mfuniko.

"Ni mimi," alisema. "Niliiachia tu. Nilisikia inavuja, nikamwambia mama nimeiweka vizuri. Juzi niligundua kwamba ndiyo inayogeuza maji. Nikanyamaza."

Fundi aliitoa chupa, akaisimamisha pembeni. Mpira ukakaa, na kimshale cha mita kikasimama. Kisha akapunguza moto wa tangi la kuchemshia maji ya kuoga, ili hata siku mtu akikosea, bibi asiungue.

Mama alimgeukia Bata kwanza. "Nisamehe, baba. Nilikuhukumu kwa kikombe."

Bata alitazama chini. "Kilikuwa na maji tangu mchana," alisema.

Bibi alimwita Karani chumbani.

"Mjukuu wangu, chupa kuanguka ni kosa la mikono, na kila mwenye mikono hukosea. Mimi nalia na lile neno 'vizuri'. Mama yako harudi hapa na nguvu za kukagua kila ulichogusa. Aliyechoka huweka mzigo wake juu ya neno la mwenziwe. Ukimpa neno la uongo, umembebesha mzigo wa pili, na mdogo wako wa tatu. Mwenye kazi kamili ni yule anayesema pia pale alipoharibu. Adhabu unaijua?"

"Siku saba, bibi."

"Na nne za Bata?"

Karani alifikiri kidogo. "Kumi na moja."

Alizioga zote, wala hakuomba kupunguziwa. Bibi alirudi bafuni siku ya pili, na maji yake hayakugeuka. Katika ule mstari mtupu Karani aliandika: Chupa. Mimi. Chini yake kila asubuhi alitia alama moja, nywele zake zikidondosha maji baridi juu ya karatasi.

Asubuhi ya kumi na moja alimkuta Bata ameketi mezani, daftari mbele yake na kalamu mkononi.

"Leo ya ngapi, dada?"

"Ya kumi na moja."

Bata alitia alama ya mwisho yeye mwenyewe, akaikazia mpaka karatasi ikakunjika, kisha akalifunga daftari.

"Tumemalizana," alisema, akaenda kufunga kitambaa kwenye bomba la jikoni.