Kitufe cha Chini ya Meza

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mjukuu wangu Merveille anapanda juu ya kiti na kupangusa vumbi kwenye paneli yetu ya sola. Nyumba yetu iko kando ya barabara ya kwenda mji wa Baraka, na pikipiki haziachi vumbi litulie. Kisha anaingia ndani na kuzima kila kitu. Mimi bibi yake, Koko kama wanavyoniita, ndiye niliyemfundisha: "Ukiinuka, zima." Betri yetu ni ndogo, na mtu mmoja akisahau, sote tunakula gizani.

Shuleni kwao kuna kompyuta moja tu, ordinatere kama tunavyoiita huku. Sanduku lake liko chini ya meza, na nyaya zake zinakwenda kwenye skrini nne. Watoto wanne wanaandika kwa wakati mmoja, kila mmoja ukurasa wake. Mwalimu Norbert aliwaeleza kwamba mashine ni moja, lakini Merveille alisikia nusu. Alifikiri kila mwenye skrini ana mashine yake, na sanduku lile ni la kwake.

Viti vilikuwa vinne, na darasa lina watoto hamsini. Mwalimu alisema wazi: atakayeharibu, kiti chake atapewa mwingine. Walichaguliwa Merveille, Lionel, Divine na Uwamwiza. Huyu Uwamwiza ni wa familia iliyoshuka kutoka milimani miaka miwili iliyopita, bila ng'ombe hata mmoja. Kiti alikipata kwa alama zake.

Alhamisi hiyo kila mmoja aliandika habari za kwao. Uwamwiza alikuwa anaandika majina ya ng'ombe aliokuwa nao baba yake kule milimani, wote kumi na mmoja, na rangi ya kila mmoja. Merveille alimaliza wa kwanza. Wenzake wakiwa wamekazia macho skrini zao, akainuka, akainama, akabonyeza kitufe cha lile sanduku, akachukua mfuko wake, akatoka.

Skrini zote nne zikawa nyeusi. Hakuna aliyekuwa amehifadhi kazi yake.

Mwalimu akaja mbio, na Merveille akarudi nyuma yake. "Nani amegusa?"

"Si huyu wa huko juu?" Lionel akasema. "Kwao hata ampoule ya taa hakuna. Ameona kitufe, akafikiri ni kitu ya kuchezea."

Wakacheka. Uwamwiza ndiye aliyekaa karibu na sanduku.

"Mwalimu, mi sikugusa."

"Merveille, wewe uliona nini?"

"Mi nilikuwa nimeshatoka, Mwalimu."

Uwamwiza akanyang'anywa kiti.

Jumamosi tulikuwa tunamenya mihogo. Mtoto alikuwa na neno tangu asubuhi, nami nikamwacha, kwa maana neno la mtoto ukilivuta linakatika. Mwishoni akauliza, "Koko, ordinatere moja inaweza kuzimikia batu bane?"

"Sema vizuri. Watu wanne gani?"

"Ni mi niliizima. Nilifanya vile unasemaka, ukiinuka, zima." Akanieleza yote.

Nikaweka kisu chini. "Kuzima nilikufundisha mimi, nakubali. Na kunyamaza, ni nani alikufundisha?"

Akainama kuokota maganda.

Jumatatu nikamshika mkono hadi darasani. Akasema kweli mbele ya wote. Lionel akaangalia miguu yake. Mwalimu Norbert akavua miwani. "Koko, hata mimi nilikosa. Nilimwadhibu kwa sababu wengine walicheka."

Lakini Uwamwiza hakuwepo. Tangu Alhamisi hakurudi shuleni.

Tukaenda kwao sisi watatu, Mwalimu, Merveille na mimi. Mama yake, Mukandori, alikuwa anafua mlangoni.

"Mama Uwamwiza, tumekuja kuomba pardo, mtusamehe," nikasema, na Merveille akaeleza mwenyewe.

Mukandori akakamua nguo hadi tone la mwisho. "Tumeshazoea, Koko. Kitu ikiharibika, ni sisi."

Mwalimu akasema kiti kinamngoja. Uwamwiza akatoka ndani, akamtazama Merveille. "Nitarudi. Lakini baba aliniuliza mara tatu kama kweli sikugusa. Baba yangu."

Alirudi kesho yake. Kiti cha Merveille akapewa mwenzao Georgette, nami sikumwombea mjukuu wangu. Uwamwiza akaandika ukurasa mpya, juu ya samaki wa soko la Mboko. Habari za ng'ombe hakuziandika tena.

"Koko, nilimwomba pardo, na bado hanisemeshi," Merveille akaniambia siku nyingine.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Ulizima kwa kutojua. Ungesema palepale, wangekasirika kidogo, wakaandika upya. Uliponyamaza, ulimwacha mwenzako abebe kosa lako mpaka ndani ya nyumba yao. Kiti amerudishiwa siku moja. Kukuamini wewe kutachukua muda, na yeye ndiye atakayesema imetosha. Kazi yako ni kusema kweli kila siku, hata asipokutazama."

Na mimi pia nimebadilisha fundisho langu. Sasa kabla ya kuzima anasimama mlangoni na kuuliza, "Kuna mutu anatumia?" Anangoja jibu la kila mmoja wetu, ndipo anazima.