Niliandika Majina ya Ndugu Zangu Wote

Nina miaka arobaini na mbili, mama wa watoto watatu, mkazi wa Tunduma. Wasomaji wenzangu, naandika haya nikiwa sina amani hata chembe...

Nilikuwa na duka la vipuri na matengenezo ya pikipiki, chini ya jina la kampuni moja ya China. Wao walitoa jina na mali, mimi nikatoa fremu ya duka na jasho. Mkataba ulikuja na fomu ya Kiswahili: "Taja ndugu zako." Jamani! Mnyiha kama mimi akiambiwa ataje ndugu, atamwacha nani? Ukimruka mmoja, utasemwa mpaka msibani. Nikajaza kumi na wanne, tena kwa majivuno!

Mmoja wao alikuwa kaka Lameki, mtoto wa baba mkubwa, fundi pikipiki kule Isongole. Baba yangu alipofariki, ndiye aliyenilea. Spana zake ndizo zilizonisomesha.

Kifungu cha mkataba kilichohusu majina hayo sikukisoma. Kilisema mkataba ukiisha, mimi na wote niliowataja tusiguse biashara ya pikipiki miaka mitatu, mkoa mzima wa Songwe. Na sheria itakayotumika ni ya China.

Mwaka jana nikaachana nao, maana mzigo ulikuwa haufiki. Wiki haikuisha, wakala wao akaja na picha ya gereji ya kaka. Akasema ama ifungwe, ama nyumba yangu, niliyoiweka dhamana siku ya kusaini, ichukuliwe. Sheria ya China mimi naijulia wapi? Nikaogopa, nikapanda gari hadi Isongole.

Kaka alinisikiliza huku akifuta grisi mikononi. Hakugomba.

"Mdogo wangu," akasema, "kama jina langu uliliandika kwa upendo, basi nafunga."

Heri angenitukana!

Akaenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, kubeba magunia. Mtu wa miaka hamsini na sita! Mwezi wa pili wa kazi hiyo, rundo la magunia ya mahindi likamporomokea kifuani. Tukamzika Jumamosi.

Baada ya matanga nikaenda kwa wakili mmoja mjini Vwawa, kuulizia nyumba yangu. Akasoma mkataba, akavua miwani. Akaniambia kaka hakusaini chochote, kwa hiyo hakufungwa na lolote. Hata mimi, kwa sheria ya huko huko China, masharti yaliyoandikwa na upande mmoja, bila kuelezwa, yakanikandamiza kupita haki, ningeweza kuyapinga yakatupwa. Akauliza kwa nini sikuja mapema.

Nimlilie nani? Mchana kweupe, pikipiki ikigoma kuwaka hapo nje, nasikia "Mdogo wangu..." Nageuka. Hakuna mtu.

Nawasihi, ulizeni kabla ya kusaini. Na kama mmeshasaini, ulizeni kabla ya kutii! Mimi nilitii kwanza. Wifi yangu, mjane wa kaka, bado ananipokea kwa chai na kunifariji. Hajui kwamba kile kifungu kingeweza kutupwa. Sijapata mdomo wa kumwambia.