Kibao cha Kijani Kwenye Matete

Hili sikulisikia kwa wapita njia. Limemkuta mtoto wa dada yangu, yule tuliyezoea kumwita Brashi, na alinisimulia mwenyewe, amekaa hapo hapo ulipokaa wewe, chai yake ikapoa hajaigusa. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, kisha anyamaze.

Brashi alikuwa fundi wa mabango. Kibanda chake cha kazi kilikuwa uani kwake, paa la bati, mbao zimeegemezwa huku na huku, makopo ya rangi yamejaa mpaka hupati pa kuweka mguu. Mkewe ndiye aliyemkatia violezo. Kiolezo ni karatasi ngumu iliyokatwa umbo la mtu, au mshale, au chochote. Unaiweka juu ya ubao, unapitisha rangi, ukiibandua mtu amebaki pale. Mkewe alikuwa na mkono mwepesi wa wembe, ingawa wembe wenyewe ulishamchana, akabaki na kovu refu kwenye kidole cha kati. Na alikuwa na kasoro moja. Kila mtu aliyemkata, mguu wa kushoto ulitoka nje kidogo, kama wa bata.

Brashi alikuwa akimtania. "Watu wako wote wanatembea kama wewe."

"Si unawauza? Basi nyamaza," mke anamjibu.

Mwaka ule wa mvua nyingi, mke akaenda mtoni kufua mazulia. Mto haukukosa vibao. Shida ni kwamba kila kibao kilikuwa na akili zake. Hapa mkono mwekundu, pale fuvu, kule maneno marefu ambayo jua limeshayala nusu. Penye njia panda palikuwa na mshale umeshikwa na msumari mmoja, upepo ukivuma unageuka. Siku hiyo ulikuwa umegeukia kwenye kina. Walioliona beseni lake la kufulia walisema lilikuwa linazunguka pale pale juu ya maji, na ndani yake zulia moja limekunjwa vizuri. Yeye, mto haukumrudisha.

Toka hapo Brashi akafa ganzi. Angelia tungeshukuru. Alikula akipewa, alilala akiambiwa kalale, ukimsalimia anakuitikia kama mtu aliyeko chumba cha pili. Siku moja nikamuuliza, "Mwanangu, unaumwa wapi?"

"Siumwi popote, mama mdogo," akaniambia. "Ndiyo shida yenyewe."

Alibaki na binti yake, tukimwita Chiriku, maana mdomo wake haukuwa na breki. Anaongea akila, anaongea akisukwa, akikosa wa kuongea naye anaongea na kuku. Kama si yule mtoto, nyumba ile ingekuwa kimya kabisa.

Basi ofisi ya mji ikaamua vibao vya mto vitengenezwe upya. Akaja mama mmoja wa ofisini, mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, watu walimwita Mama Mipango. Akakaa juu ya kopo la rangi kama yuko kwake.

"Fundi, nataka vyote viwe kitu kimoja," akasema. "Mtu akikielewa kimoja awe ameelewa vyote. Asiyejua kusoma aelewe. Mgeni aelewe."

"Na mwenye haraka?"

"Huyo ndiye hasa."

Wakakaa wakapanga. Kijani: mama amemshika mtoto mkono wanashuka ngazi, maana yake hapa pana njia ya kufika majini, pita. Nyekundu: simama. Chini ya kila cha kijani mshale mmoja, umechorwa kwenye ubao wenyewe, usiweze kugeuka. Nguzo zote kimo kimoja, kifuani kwa mtu mzima, ili na mtoto aone. Kwa yule mama wa kijani Brashi alitumia kiolezo cha mkewe, kwa sababu kilikuwa tayari. Mguu wa kushoto umetoka nje. Alinambia hakuhisi chochote alipokishika. Alipaka tu.

Kile chekundu kiliwasumbua. Mwanzo alichora mtu anayezama, mkono juu. Wakampelekea dobi mzee anayefulia pale daraja la chini, wakamuuliza anaona nini.

Dobi akakitazama, akakigeuza, akakitazama tena. "Huyu anaita," akasema. "Si mnaona mkono? Anasema njooni, maji mazuri."

Mama Mipango alicheka mpaka miwani ikadondoka. "Mzee, huyu anakufa!"

"Basi anakufa kwa furaha."

Brashi hakucheka. Alikifuta kile, akachora mtu aliyesimama wima, mikono chini, na mstari mnene umempita kutoka begani mpaka mguuni. Hicho dobi alikielewa. "Hapa basi," akasema, "hata kama naitwa."

Maneno yale Brashi akayachukua mpaka nyumbani. Kila jioni, badala ya hadithi, anamuuliza Chiriku:

"Kijani?"

"Napita."

"Nyekundu?"

"Nasimama."

"Hata kama?"

"Hata kama naitwa."

Mtoto akalishika lile kama wengine wanavyoshika wimbo. Brashi alikuwa amebaki na huyo tu, mnaelewa? Alishampa mto mtu mmoja.

Vibao vikasimikwa. Na kweli watu wakaacha kuzama. Wakaacha pia kuulizana njia. Zamani mtu akifika mtoni anasimama, anatazama maji, anamuuliza aliyemtangulia. Sasa anatafuta kijani, akikiona anashuka, macho yake yako kwenye ndoo. Mama Mipango akasema hiyo ndiyo kazi nzuri, mtu asifikirie.

Siku moja, asubuhi ya kawaida kabisa, Mama Mipango akapita kibandani. Hakukaa.

"Fundi, umeongeza kibao kule kwenye matete?"

"Sijaongeza."

"Ni cha kwako. Mkono wako. Wafuaji wanakisifu, wanasema njia mpya ina kivuli."

"Kule hakuna njia. Kule ni kina kitupu."

Mama Mipango akamtazama. Akasema polepole, "Basi kakitoe, leo."

Brashi akaenda. Jua lilikuwa la utosini, mto unang'aa. Akapita vibao vyake kimoja kimoja, akafika pale ambapo vinapaswa kuisha. Mbele kidogo, katikati ya matete, kilikuwepo. Kimo kile kile. Kijani kile kile. Nyasi zilizokuwa mbele yake zilikuwa zimelala, kama watu wamepita siku nyingi.

Akasogea. Mguu wa kushoto ulikuwa umetoka nje.

Lakini huyu mama alikuwa peke yake. Mkono ameunyoosha pembeni, chini kidogo, kimo cha mtoto. Vidole viko wazi. Na mtoto hakuwepo.

Akakigusa. Rangi ilikuwa mbichi.

Hapo mimi na wewe tungekimbia. Yeye alikuwa na ganzi yake. Alikitikisa kibao kikatoka ardhini bila nguvu, kama kimesubiri. Chini ya nguzo hapakuwa na shimo. Alitaka kukivunja kwa goti, goti likakataa. Lilikuwa umbo la wembe wa mkewe, na hakuna mwingine duniani anayekata hivyo. Akakitia begani akaenda nacho nyumbani.

Na kibao kibichi fundi anakianika. Mikono yake ilikwishazoea, haikumuuliza. Akakiegemeza ukuta wa kibanda, juani, ule mshale wake umeelekea upande. Upande ule kulikuwa na pipa la maji ya mvua. Hakuliangalia. Akamwambia Chiriku, aliyekuwa uani anawagombeza kuku, "Nafuata misumari, narudi sasa hivi." Duka lenyewe liko ukuta wa pili tu, kwa jirani.

Kilichomrudisha ni ukimya.

Alikuwa bado anasubiri misumari ipimwe. Akasikia kwamba hasikii kitu. Chiriku haongei. Akaiacha misumari mezani.

Uani, jiwe la kukandamizia mfuniko wa pipa lilikuwa chini. Jiwe lile hata yeye alikuwa akilinyanyua kwa mikono miwili. Mfuniko umeegemezwa vizuri ukutani. Mtoto amesimama juu ya tofali, shavu limelala kwenye ukingo wa pipa, mkono wa kulia umezama mpaka begani. Halii. Haogopi. Uso wake ulikuwa ule uso wa ganzi wa baba yake.

"Chiriku. Toa mkono."

"Kijani, baba," akanong'ona. "Napita."

"Toa mkono, mwanangu."

"Haniachii. Anasema ameshaijua njia. Anataka kuingia."

Akamkamata kiunoni. Akavuta. Kule nako kukavuta. Pole pole, bila hasira, kama mtu anayemvusha mtoto barabara.

Akatumbukiza mkono wake. Pipa lile lilimfika kiunoni tu, alilisugua mwenyewe, chini yake alikujua. Hakukuta chini. Maji yalikuwa na mwendo. Akapapasa mkono wa mtoto, kiwiko, kifundo, kiganja. Baada ya kiganja cha mtoto, kulikuwa na kiganja kingine.

Kidole cha kati kilikuwa na kovu refu.

Aliponifikisha hapo aliutazama mkono wake mwenyewe. Kisha akasema, "Mama mdogo, nilihisi. Toka siku ya beseni nilikuwa sijahisi kitu. Mkono ulikuwa wa baridi, lakini niliuhisi. Nikataka kubaki pale."

Na alibaki. Sijui kwa muda gani, naye hajui. Mpaka sikio la Chiriku likagusa maji, mtoto akasema "mh", kasauti kadogo, kama anayeingia usingizini.

Akauachia mkono wa mkewe.

Akambana mtoto kwa mkono mmoja. Kopo la nyekundu lilikuwa chini pale pale, maana brashi zake alizioshea penye pipa. Akachota kwa kiganja. Akajinyoosha mpaka kwenye kibao. Akaupiga mstari, begani mpaka mguuni, juu ya yule mama, juu ya ule mkono ulionyooshwa. Kijani na nyekundu vikachanganyika, vikachuruzika chini.

"Nyekundu?" akanong'ona.

Akambana zaidi.

"Nyekundu?"

"Nasimama."

"Hata kama?"

"Hata kama naitwa."

Sauti zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya mtoto. Nyingine ilitoka chini, nzito, imejaa maji, inajibu kwa utii.

Mkono ukaachia. Wakaanguka chini wote wawili, baba na mwana. Maji ya pipa yakatulia. Alipolipindua baadaye, chini palikuwepo, palepale pa siku zote. Palikuwa na mchanga. Mchanga wa mtoni.

Kibao alikichoma. Kilikataa kushika moto mpaka akakimwagia mafuta ya taa, kikaungua kwa moshi mwingi na sauti ya kitu kibichi kwenye kikaango. Vile vya mtoni vipo mpaka leo, ila alivipaka upya vyote, kwa kiolezo alichokikata yeye, cha mtu anayetembea miguu yote imenyooka. Mama Mipango alimuuliza kwa nini anarudia kazi ambayo imeshapokelewa. Akamwambia rangi ilikuwa haijakauka. Na mlangoni kwake, upande wa nje, Brashi alichora yule mtu mwekundu, mikono chini, mstari umempita. Wageni wanadhani ni tangazo la biashara yake.

Chiriku amekua sasa, ana kazi yake, anapita hapa kunisalimu. Hazungumzi sana. Ukimpa mkono hukupa wa kushoto, nawe usikasirike. Nimeuona wa kulia siku nilipokuwa namtoa mwiba. Kiganja kimekunjamana, cheupe, kama cha mtu aliyeshinda anafua. Nilikikausha kwa khanga yangu. Khanga ikalowa. Nikakikausha tena.

Akitembea barabarani huukunja mkono ule kidogo, na huacha nafasi upande wa kulia. Hatembei karibu na ukuta. Na nimewatazama watu wanaopishana naye, watu wasiomjua kabisa, wenye haraka zao. Wakifika karibu wanasogea, wanaizunguka ile nafasi, wala hawajui kama wamesogea.

Juzi nilimsindikiza mpaka kwao. Tulipofika mlangoni, mbele ya yule mtu mwekundu, akasimama. Akafungua vidole, kimoja kimoja. Akangoja kidogo, kama unavyomngoja mtu akuage.

Kisha akaingia peke yake, akafunga mlango.

Mimi nikabaki nje, na ile nafasi pembeni yangu.