Jemadari Karudi Bila Sauti

"Rudia!"

Hiyo ilikuwa mara ya tisa. Mwongozaji alikuwa upande wa pili wa kioo cha studio, lakini sauti yake iliniingia masikioni kama mtu anayeswaga mbuzi.

"Binti Mfalme, ni neno moja tu. 'Nilikungoja.' Neno moja, dada yangu! Linakukwamia wapi?"

"Halijakwama. Naomba maji."

"Umeshamaliza chupa mbili!"

Neno lilikuwa jepesi. Mzito alikuwa yule aliyesimama kwenye maiki ya pili, hatua mbili kutoka kwangu, macho kayabandika kwenye karatasi kama mwanafunzi asiyejua jibu.

Sisi wawili ndio tulioingiza sauti za Kiswahili kwenye ile anime, katuni ya Kijapani, ya mapenzi ya enzi za wafalme. Mimi Binti Mfalme, yeye Jemadari, mpaka majina yakatuganda. Msimu wa kwanza uliisha Jemadari anakwenda vitani, watazamaji wakalia wiki nzima. Na sisi, baada ya miezi sita ya kutamkiana mapenzi ya kwenye karatasi, tukajikuta tunapendana kweli. Wazee wake wakapanga kuja kwetu kuleta posa Jumamosi, saa nne asubuhi. Mama akashona gauni jipya. Shangazi akasafiri siku nzima.

Saa nne ikapita. Saa nane. Saa kumi na mbili shangazi akavua viatu. Simu ya Jemadari haipatikani, na haikupatikana tena kwa miaka miwili.

Kisha juzi mwongozaji ananipigia anacheka: "Msimu wa pili umerudi! Na wenye kazi wanawataka nyinyi nyinyi!" Nikakubali. Kazi ni kazi. Nikajiambia nimeshapoa. Kumbe!

"Na wewe Jemadari," mwongozaji aligeuza kibao, "hayo mafua yako yanaisha lini? Unakwaruza kama mlango wa bati! Pumzikeni dakika ishirini. Mkirudi hivi hivi, kesho naita watu wengine."

Nilitoka kwenda kwenye ngazi. Nikasikia viatu nyuma yangu.

"Usinifuate."

"Nimekuletea maji."

"Nimeshiba maji!"

Akaiweka chupa sakafuni. Akafungua kifungo cha juu cha shati. Chini ya koo palikuwa na kovu, refu kama kidole.

"Si mafua," akasema. "Ijumaa ile niliamka sauti haitoki. Nikakimbizwa hospitali. Uvimbe. Daktari akasema lazima wapasue, na huenda nisiongee tena."

Moyo ulitaka kulainika. Hasira ikauwahi mlangoni.

"Kwa hiyo walikupasua koo."

"Ndiyo."

"Na vidole?"

"Vidole?"

"Navyo walivipasua? Maana ujumbe unaandikwa kwa vidole! 'Niko hospitali.' Maneno mawili! Mama yangu amekaa mlangoni na gauni jipya, majirani wanapita wanachungulia, wewe una vidole kumi na umekaa kimya!"

Akatoa simu, akanipa. Palikuwa na ujumbe mwingi, wote kwa jina langu, hata mmoja haukutumwa.

"Niko hospitali. Njoo."

"Mjomba anataka kuja kueleza. Nimemkataza."

"Leo nimeweza kutamka jina lako. Limetoka vibaya."

Nikamrudishia.

"Unanionyesha chakula ulichopika ukakimwaga. Mimi nilishinda na njaa."

"Uliwahi kuniambia ulinipenda sauti kabla hujaniona sura," alisema taratibu, maana maneno mengi yalimchosha. "Nikajiuliza, sauti ikienda, utabaki na nini?"

"Ungeniuliza mimi! Mbona ulijiuliza mwenyewe, ukajijibu mwenyewe, hukumu nikaitumikia mimi?"

Akaegemea ukuta.

"Nilikuogopa kuliko kisu cha daktari. Nilikosea. Sina jingine."

Nilitamani ajitetee ili nipate cha kupasua. Hata hilo alininyima.

Tuliporudi, Jemadari alimwambia mwongozaji ukweli wote. "Hii ndiyo sauti niliyobaki nayo."

Mwongozaji akajikuna kichwa. "Pole sana, ndugu yangu. Lakini watazamaji wanaijua sauti ya Jemadari. Itabidi nitafute mwingine."

Jemadari akaanza kukusanya karatasi zake, bila hata kubisha. Ndipo nilipopandwa na wazimu.

"Ngoja kwanza! Jemadari msimu huu anatoka wapi?"

"Vitani," mwongozaji akajibu.

"Miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Miaka mitatu ya moshi, vumbi na kufokea wanajeshi. Ulitaka arudi akilia kama chiriku?"

Fundi mitambo akacheka. "Ana hoja huyu, bosi."

Mwongozaji akatutazama mmoja mmoja. "Mara moja tu. Haya!"

Kwenye skrini Jemadari akashuka kwenye farasi. "Nimerudi," ikatoka ile sauti iliyochubuka. Nywele zikanisimama.

"Nilikungoja," nikasema. Si kwa upole kama ilivyoandikwa. Nililitupa kama sahani ukutani.

Mwongozaji akafunua karatasi yake.

"Pameandikwa 'kwa machozi ya furaha'," mwongozaji akanong'ona.

"Aliyeandika hajawahi kungojeshwa."

"Imepita," akasema. "Tuendelee."

Jioni simu ikalia, ujumbe wa Jemadari: "Ahsante kwa kunitetea."

Nikajibu: "Nimekutetea kazini. Nyumbani jitetee mwenyewe. Mama yupo kesho."

Kesho yake akaja na mjomba wake. Mama akafungua mlango, akasimama pale pale kizingitini.

"Nani?"

"Shikamoo, mama. Ni mimi. Yule ambaye hakuja."

"Marahaba. Mbona unaongea kama jogoo aliyenyeshewa?"

Akaeleza pale pale nje, sauti ikikatika, akimeza mate, akiendelea. Mama hakumsaidia hata neno. Mjomba alipotaka kudakia, mama akamkatiza: "Mwache. Amenyamaza miaka miwili, leo aseme."

Alipomaliza, mama akahema. "Ugonjwa si aibu, baba. Kutuficha ndiyo aibu. Ukiugua tena, tukuuguze. Ingieni ndani."

Nikakimbilia jikoni, nikawa nasugua sufuria iliyokuwa safi. Jemadari akaja akasimama mlangoni.

"Mama amenisamehe."

"Mama ni mama. Mimi bado nina hasira."

"Una haki. Hasira za mpaka lini?"

"Sijui! Labda mpaka harusi ipite."

"Harusi ya nani?"

"Hebu usiniudhi," nikamwambia. "Ya nani tena?"