Bisibisi Si Ufunguo

Mume wangu ni fundi makochi. Karakana yake iko mbele ya nyumba yetu, kwenye uwanja unaoteremka kidogo kuelekea ukutani. Asubuhi mimi nafagia vipande vya sponji. Yeye ananoa mkasi, na binti yetu mkubwa anakunja vitambaa. Kisha baba na binti wanapakia mizigo garini na kwenda kwa wateja.

Gari lenyewe ni la zamani. Marehemu baba mkwe alilinunua kabla mimi sijaolewa. Mume wangu analipenda kama mboni ya jicho. Viti vyake amevishona upya mara tatu. Mwaka jana akalipaka rangi mpya, nje na ndani ya boneti. Alifungua kila kitu kilichofunguka, akapaka chini yake, akakirudisha. Likang'aa kama sufuria ya dukani.

Haukupita mwezi, likaanza kugoma. Unazungusha ufunguo, kimya. Mara linawaka, mara kimya tena.

"Betri imekufa," mume wangu akasema. Akanunua betri mpya. Kimya kilekile.

"Baba, labda linataka shikamoo," binti akasema. "Limekuzidi umri hilo."

Dereva mmoja wa lori akawafundisha njia ya mkato. Ndani ya boneti, ubavuni karibu na gurudumu la mbele, kuna kisanduku kidogo chenye nati mbili kubwa. Ukiunganisha nati hizo kwa bisibisi, cheche zinaruka, stata inazungusha injini, gari linawaka. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yetu. Baba anakaa kwenye usukani. Binti anainama juu ya gurudumu, bisibisi mkononi.

Mimi roho ilikuwa juu. Kila asubuhi nilisimama mlangoni na ufagio wangu, sifagii.

"Baba watoto, lipelekeni kwa fundi," nikasema. "Siku moja litamla mtoto huyu."

"Gari halina meno, mama watoto."

"Lina magurudumu."

Binti akacheka. "Mama, wewe ukizima pasi unarudi kuiangalia mara tatu."

"Na nyumba hii imewahi kuungua?"

Wakacheka wote wawili. Wakaondoka.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili sikulijua. Breki ya mkono ilikuwa imelegea. Kwa sababu uwanja unateremka, mume wangu alikuwa analiegesha likiwa kwenye gia, lisije likajiendea lenyewe. Asubuhi akiketi tu, kwanza anaitoa gia, ndipo binti aguse nati kwa bisibisi. Alikuwa hajasahau hata mara moja.

Jumanne moja walichelewa. Mteja alikuwa amepiga simu mara mbili. Mume wangu hakuketi. Aliingiza mkono dirishani, akafungua swichi kwa ufunguo, kisha akarudi nyuma kukaza kamba ya sponji juu ya gari.

"Niwashe?" binti akauliza.

"Washa, tumechelewa."

Gia ilikuwa haijatolewa.

Gari liliruka. Halikuondoka polepole kama gari lenye dereva. Liliruka kama mbuzi. Nilimwona mwanangu akitupwa pembeni, gurudumu likapita juu ya kandambili yake. Gari likavamia fremu za makochi zilizopangwa ukutani, likazivunja, likazimika.

Nilifika pale bila kujua miguu ilinipelekaje. Nilishika mguu wake mmoja, nikashika wa pili. Vidole nilivihesabu.

"Mama, unaniumiza," akasema. Hapo ndipo nilipopumua.

Jirani yetu mmoja ni fundi umeme wa magari. Sisi wote tunamwita Mama Waya. Alikuja mbio, mikono imejaa grisi. Hakulitazama gari. Alimtazama binti.

"Unaweza kukanyaga?"

"Kiuno kinauma."

"Mpelekeni zahanati kwanza. Gari litasubiri. Halina haraka, maana halina dereva."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Akaiachia kamba aliyokuwa bado ameishika.

Zahanati wakasema mfupa haukuvunjika, ni damu imevilia. Siku kumi binti alilala kwa ubavu mmoja. Usiku nilikuwa naamka kumsikiliza akipumua, kama alipokuwa mchanga.

Siku ya pili Mama Waya alirudi na kisanduku chake cha vifaa. Alianza kwa kuweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Akaitikisa gia mwenyewe, kushoto na kulia, mpaka akaridhika kwamba imetoka.

"Shemeji, hata mke wako akikuapia kwamba gia imetoka, ishike kwa mkono wako," akamwambia mume wangu. "Sasa washa taa za mbele. Mama, simama pale uniambie. Anapozungusha ufunguo, taa zinafanyaje?"

Nilitazama. "Zinawaka vilevile."

"Kwa hiyo betri ni nzima. Betri ikichoka, au vichwa vyake vikiota ukungu, taa zinafifia unapowasha. Mara nyingine unasikia ta-ta-ta-ta. Wewe umesikia nini?"

"Hakuna kitu."

"Basi betri mpya ilikuwa ya nini?"

Mume wangu akakuna kichwa.

"Na stata?" nikauliza.

"Stata nayo nzima. Si ndiyo iliyolirusha gari jana? Stata ikifa ungesikia ko moja nzito halafu basi. Meno yake yakilika, inavuma yenyewe, injini haizunguki. Hapa kuna jambo katikati."

Akachukua taa ndogo yenye nyaya mbili. Akaugusa waya mwembamba unaotoka kwenye ufunguo hadi kwenye kile kisanduku chenye nati mbili. Mume wangu akazungusha ufunguo, taa ikawaka.

"Amri ya ufunguo inafika," akasema. "Kisanduku hiki kazi yake ni kupokea amri na kuipa stata umeme mkubwa. Sasa kwa nini hakitii?"

Akachukua waya, akaunganisha bati la kisanduku na upande wa hasi wa betri. "Zungusha tena, shemeji."

Gari likawaka hapohapo.

Mume wangu alizima gari, akashuka mbio. "Umefanya nini?"

"Nimekipa njia ya kurudi. Umeme ukienda lazima urudi. Kisanduku hiki kinarudisha umeme kupitia skrubu zake, kwenye bati la gari." Akachomoa waya wa betri, akakifungua. Chini yake palikuwa panang'aa. "Nani alipaka rangi hapa?"

Mume wangu akainama, akapapapasa kwa kidole.

"Nilitaka pawe pazuri," mume wangu akasema taratibu.

"Pamekuwa pazuri, shemeji. Lakini umeme haupiti kwenye rangi."

Alipasugua kwa msasa mpaka chuma kikaonekana. Akasugua na chini ya kisanduku, akakaza skrubu. Kazi yote iliisha kabla hawajamaliza chai niliyowachemshia. Fundi mwingine akabadilisha waya wa breki ya mkono juma lilelile.

"Na bisibisi?" binti akauliza kutoka dirisha la chumbani.

"Bisibisi ni ya skrubu," Mama Waya akamjibu. "Gari haliwashwi na mtu aliyesimama nje. Likigoma, lipimwe. Ukiliruka tatizo, tatizo litakurukia."

Siku hizi gari linawaka kwa ufunguo, mara moja. Binti amepona na sasa anaendesha yeye. Lakini haondoki kabla sijamuuliza.

"Gia?"

"Imetoka, mama."

"Umeshika kwa mkono?"

"Nimeshika, mama."

Nawauliza na majirani. Namuuliza dereva wa gari la maji, namuuliza mwalimu mwenye pikipiki ya magurudumu matatu. Nikiona mtu ameinama ndani ya boneti na bisibisi, naacha ndoo zangu barabarani nakwenda kumwondoa. Wengine wananiambia nina wasiwasi. Nawajibu kwamba wasiwasi ndio akili. Wananicheka. Na wanicheke tu, wakiwa wamesimama kwa miguu yao yote miwili.