Kompyuta Moja, Kazi Nyingi

Bwana Picha alikuwa mpiga picha wa harusi. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, chenye taa mbili, pazia jeupe na kompyuta moja kuukuu. Siku hiyo alikuwa akipiga mluzi kwa furaha. Kompyuta ilikuwa inatengeneza video ya harusi, na bibi harusi angeifuata jioni.

"Baba, naomba kompyuta," binti yake alisema. "Leo ndiyo siku ya mwisho ya kuomba chuo cha uuguzi. Wanafunga saa kumi."

"Tumia tu, mwanangu. Video inajitengeneza yenyewe."

Binti alifungua ukurasa wa chuo. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Mshale uliganda kwenye kioo, na saa tisa ilikuwa imeshapita.

Mama akaja kutoka jikoni, mikono imejaa unga. "Chomoa waya! Mtoto atakosa chuo!"

"Nikichomoa, video yote inapotea!"

Jasho lilimtoka Bwana Picha. Mbele maji, nyuma moto. Akakimbia kumwita jirani yao, fundi wa kompyuta.

Fundi alikuja na kikombe chake cha chai. "Jirani, leo umegusa nini humu?"

"Niliona mahali pameandikwa kipaumbele. Nikaipa video kipaumbele cha juu kabisa, ili iishe upesi."

Fundi alicheka mpaka chai ikamwagika. "Umeziua kazi nyingine kwa njaa! Mama, wale pacha wako walipokuwa wadogo, uliwalishaje uji?"

"Kijiko kwa huyu, kijiko kwa yule," Mama alijibu. "Ningemshibisha mmoja kwanza, mwenzake angebomoa nyumba kwa kilio."

"Basi ndivyo ilivyo humu. Prosesa ndiyo inayofanya kazi zote, na hii yenu hushika kazi moja tu kwa wakati. Lakini kuna programu kuu, inaitwa kiini. Kiini hugawa zamu. Video kidogo, ukurasa kidogo, mshale kidogo. Zamu ni fupi kuliko kupepesa jicho, ndiyo maana tunaona vyote vinakwenda pamoja. Kazi inayosubiri mtandao hukaa kando, nyingine ziendelee."

"Na mimi nimefanya nini?" Bwana Picha aliuliza kwa sauti ndogo.

"Umekiambia kiini kuwa video ndiyo ya kwanza kila mara. Nayo haishibi!"

"Kumbe mchawi ni mimi mwenyewe!"

Fundi hakuchomoa waya. Alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Mshale ukajikokota. Mwisho akairudisha video kwenye kipaumbele cha kawaida. Mara ukurasa wa chuo ukafunguka! Binti alijaza majina yake na alama zake. Akatuma. Kioo kikaandika: Maombi yako yamepokelewa. Saa kumi ilikuwa bado kidogo.

Bwana Picha akachungulia video. Ilikuwa inaendelea taratibu. Ilimalizika kabla ya jioni, na bibi harusi aliondoka nayo akicheka.

Wiki chache baadaye, binti alichaguliwa. Siku ya kuondoka alivaa sare yake nyeupe, akasimama mbele ya pazia. Bwana Picha alishika kamera, lakini machozi yalimzuia kuona.

"Baba, basi litaniacha!"

"Subiri, nesi wangu," alisema. "Leo zamu ni yako peke yako."